Gari la Kasi Likizeeka Huugua Uzee

Kwa miezi mitano gari langu lilikuwa likizima njiani kila lilipopata joto. Ni gari la mwaka 1991, la milango miwili, lenye injini ya silinda nne na turbo, ambalo katika ujana wake lilikuwa likiyaacha nyuma magari ya bei mara mbili yake. Asubuhi liliwaka mara tu stata ilipoguswa, likaenda vizuri, likapanda vilima bila kulalamika. Baada ya dakika 20 au 30, hasa jua lilipokuwa kali, lilizima ghafla kama taa. Nikilisubiri robo saa huku milango ikiwa wazi, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na kosa lolote.

Kila mwenye gari la aina hii niliyemsimulia alikuwa na jibu tayari, na kila jibu lilihusu kifaa cha gharama kubwa. Wa kwanza alinisikiliza kwa nusu dakika, akasema, "Kaka, hiyo ni pampu ya petroli, ikipata moto inakwama." Wa pili aliapa kwamba ni koili ya plagi. Wa tatu, ambaye ninamheshimu sana kwa sababu amefungua injini nyingi kuliko nilizowahi kuendesha, alisema ni sensa ya krankshafti, ile inayoiambia kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake. Niliwasikiliza wote kwa zamu. Nilinunua pampu, nikanunua koili, nikanunua sensa, na gari likaendelea kuzima. Tena ile sensa mpya, iliyokuja katika boksi zuri, ilikuwa mbovu kuliko ya zamani, kwa hiyo nikapoteza siku mbili nyingine nikitafuta kwa nini sasa gari haliwaki hata injini ikiwa ya baridi.

Kilichonitoa gizani ni mshale wa geji ya mizunguko. Siku moja gari lilizima nikiwa katika gia ya nne kwenye mteremko, kabla sijakanyaga klachi, na magurudumu yakaendelea kuizungusha injini. Kama petroli peke yake ndiyo iliyokatika, katika gari kama langu mshale ule ungeendelea kuonyesha mizunguko, kwa sababu geji yake hupokea ishara kutoka kwenye mfumo wa kuwashia plagi, na mfumo huo ungekuwa bado hai. Lakini mshale ulianguka hadi sifuri papo hapo, injini ingali ikizunguka. Maana yake umeme wa kompyuta na wa koili ulikatika kwa pamoja, na vitu viwili hivyo, ukiufuata mchoro wa nyaya, vilikuwa na mahali pamoja tu pa kukutania kabla ya kurudi kwenye swichi ya ufunguo: rilei moja ndogo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, iliyofichwa chini ya dashibodi. Niliichomoa, nikafungua kifuniko chake cha plastiki, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kuzunguka pini mbili za bodi yake palikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, duara kamili, pale lehemu ilipoachana na pini. Joto lilipopanda pini zilitanuka na kuachana na lehemu. Zilipopoa ziligusana tena. Niliyeyusha lehemu ya zamani nikaweka mpya, kazi ya dakika kumi. Gari halijazima tena tangu siku hiyo, na pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ingali kwenye rafu ikinitazama.

Ugonjwa huu wala si mgeni. Wenye Porsche 944, gari lililotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991, wanaijua rilei yake ya kompyuta kiasi kwamba wengi hubeba ya akiba ndani ya gari, na wenye Honda za miaka ya 1980 na 1990 wanasimulia kisa kinachofanana: gari limeegeshwa juani, ndani kumekuwa tanuri, nalo halikubali kuwaka hadi madirisha yafunguliwe na rilei kuu ipoe. Nilikuwa nimevisikia visa hivyo. Sikuvihusisha na gari langu kwa sababu nilikuwa ninaamini, kama tunavyoamini wengi wetu, kwamba gari lenye kasi huharibika kwa sababu ya kasi.

Imani hiyo haikutoka hewani. Nissan Skyline GT-R ya kizazi cha R32, iliyotoka 1989, ilikuwa na turbo mbili zenye magurudumu ya kauri upande wa ekzosi, na magurudumu hayo huweza kupasuka mwenye gari anapopandisha presha kupita ile ya kiwandani. Injini ya BMW M3 ya kizazi cha E46 ina sifa ya kula beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti. Mazda RX-7, ambayo injini yake ina rota zinazozunguka badala ya pistoni, ina mihuri ya kwenye ncha za rota hizo, ambayo ikipigwa na mlipuko wa petroli uliokuja kabla ya wakati wake huvunjika, na injini inashushwa. Haya ni maradhi ya kasi, ni ya kweli, na husimuliwa vizuri kwa sababu yana kishindo. Ila mtu anayeendesha gari la miaka 30 kwa ustaarabu, siku chache kwa mwezi, hukutana nayo mara chache mno kuliko anavyokutana na mpira uliokauka, plastiki iliyopoteza unyumbufu, lehemu iliyochanika, waya wa hasi ulioota kutu na grisi iliyogeuka nta. Chuma cha injini hizi kina subira. Vilivyokizunguka havina, na walioviunda hawakukusudia vifike karne hii.

Kwa hiyo sasa, kabla sijafungua chochote, hujiuliza kama dalili niliyo nayo ni ya mwendo au ya umri, na nisipopata jibu huanza na umri.

Mahali ambapo umri huua injini haraka zaidi ni kwenye mfumo wa maji. Chukua BMW za kizazi cha E36, ambazo wapenzi wake watakuambia kwa kauli moja kwamba injini zake za silinda sita ni ngumu: nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na nyumba ya themostati ya plastiki, mabomba ya rejeta ya plastiki, na pampu za maji ambazo pangaboi lake la ndani, linalosukuma maji, lilikuwa la plastiki. Baada ya miaka mingi ya kupashwa joto na kupozwa, plastiki hiyo huwa kama ganda la yai. Pangaboi likiachana na mhimili wake, pampu huzunguka vizuri kabisa kwa macho, haivuji tone, na maji hayaendi popote. Mazda RX-7 ya kizazi cha tatu nayo ina kijitangi cha plastiki cha kutenganisha hewa na maji, nacho hupasuka kwenye mshono. Ndiyo maana magari mengi ya aina hiyo yaliyosalia yamewekewa cha alumini. Mimi sioni sababu ya kubadilisha vitu hivi kimoja kimoja. Mpira wa juu ukipasuka kwa uzee, wa chini una umri uleule, na themostati pia, na kifuniko cha rejeta pia, na maji utayamwaga vyovyote vile.

Kifuniko hicho kinadharauliwa kupita kiasi. Kazi yake ni kushikilia shinikizo: kwa bar 1 juu ya hewa ya kawaida, maji huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi yake ikilegea, gari litachemsha katika joto ambalo lilipaswa kulivumilia, na mwenye gari ataanza kuishtaki gasketi ya silinda hedi. Kuna pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa kifuniko. Unapandisha shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha unasubiri. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na utapatafuta kwa tochi na kitambaa kikavu, bila mvuke wala hofu ya kuungua. Chombo hicho hicho, kwa adapta yake, hupima kifuniko chenyewe.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza ni dawa ya maji. Watu wanaoishi mahali pasipo baridi ya kugandisha hudhani haiwahusu na kujaza maji ya bomba. Dawa ile haizuii kuganda tu. Ina kemikali za kuzuia kutu, na injini yenye silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kusubu, kama zilivyo nyingi za enzi hizo, ni mahali pazuri mno pa kutu kuanzia. Kemikali hizo huisha nguvu baada ya miaka michache hata kama rangi bado inavutia.

Tena usiiamini sana geji ya joto ya kwenye dashibodi. Magari mengi ya miaka ya 1990 yalitengenezewa geji inayokaa katikati katika eneo pana la joto, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi, na inapoanza kupanda, mambo huwa yameshaharibika. Geji yangu ilikuwa na tabia nyingine: ilipanda kidogo kila nilipowasha taa za mbele usiku. Nilihangaika na themostati kwa wiki nzima kabla ya kukubali kwamba taa haziwezi kupasha maji moto. Waya wa hasi wa injini ulikuwa umeoza, na umeme wa taa ulikuwa ukitafuta njia ya kurudia kupitia mahali ambapo sensa ya joto nayo ilitegemea.

Hapo ndipo nilipojifunza kupima upotevu wa volti, na kama kuna kipimo kimoja ambacho ningetaka kila mwenye gari la zamani akijue kabla hajanunua kifaa chochote, ni hiki. Kupima waya kwa omu kunadanganya, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili tu kati ya hamsini bado huonyesha omu karibu sifuri. Unapaswa kuupima ukiwa kazini. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwambie mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.3 hivi, sehemu ya nguvu ya betri inapotelea katika waya huo au katika bolti zake. Rudia kati ya injini na bodi, kisha kwa upande wa chanya hadi kwenye stata. Kwa nyaya za hasi za sensa na kompyuta, ambazo hubeba umeme mdogo, hata volti 0.1 ni nyingi. Betri nzuri iliyotulia husoma karibu 12.6, na alteneta inapochaji husoma kati ya 13.8 na 14.4, nambari hizi mbili huangaliwa kwanza, kwa kuwa kompyuta za zamani hufanya mambo ya ajabu sana volti zikipungua.

Kompyuta zenyewe nazo huzeeka. Zile za Mitsubishi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, pamoja na zilizokuwa ndani ya Eclipse na Galant VR-4, zinajulikana kwa kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi, zinazovuja. Maji yake hula njia za shaba kwenye bodi, na gari huanza kumisi, yaani kuruka mipigo, bila mpangilio au kupoteza udhibiti wa mizunguko ya chini. Boksi likifunguliwa, wakati mwingine harufu yake ya samaki aliyeoza hutoa jibu kabla ya macho. Kapasita mpya ni chache na rahisi kuzipata, mradi bodi haijaliwa sana, na ningemshauri mwenye gari la aina hiyo abadilishe kabla ya dalili.

Turudi kwenye mpira, kwa sababu magari ya turbo yanautegemea kuliko mengine. RX-7 ya kizazi cha tatu, yenye injini ya 13B-REW, ina turbo mbili zinazofanya kazi kwa zamu: ya kwanza huanza chini, ya pili huingia karibu na mizunguko 4,500 kwa dakika, na mabadilishano hayo yanaongozwa na makumi ya vipira vyembamba vya vakyumu (mnyonyo wa hewa) na valvu za umeme zilizosongamana juu ya injini. Toyota Supra ya 1993 hadi 2002, yenye injini ya 2JZ-GTE, ina mpango wa namna hiyo pia. Mtu analalamika kwamba turbo yake ya pili imekufa. Mara nyingi turbo ni nzima, na kilichokufa ni kipira cha milimita nne kilichopasuka mahali pasipofikika kwa mkono. Kubadilisha vipira hivyo vyote ni kazi ya siku nzima ya kuinama, na kuna sheria moja tu isiyovunjwa: kitoe kimoja, kata kipya cha urefu uleule, kirudishe, ndipo uguse kinachofuata. Niliwahi kumwona mwenzangu akivitoa vyote kwa pamoja ili asafishe vizuri. Alipiga picha moja kabla ya kuanza, nayo ilikuwa na ukungu.

Kuvuja kwa hewa kunahitaji kufikiriwa kwa utaratibu, kwa sababu dalili zake hutegemea injini inavyopima hewa. Katika injini yenye mita ya hewa mwanzoni mwa bomba, hewa inayoingia baada ya mita haijahesabiwa. Injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagiwa mafuta, kuna vakyumu ndani ya manifoldi, bomba linaloigawia silinda hewa, kwa hiyo ufa huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, na mizunguko hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Ukikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, ufa uleule hufanya kinyume: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo, na moshi mweusi unaonekana nyuma. Gari moja, ufa mmoja, dalili mbili zinazopingana, na hapo ndipo watu hubadilisha injekta, sensa ya oksijeni na mita ya hewa kwa mfululizo. Injini inayopima presha ya manifoldi badala ya kupima hewa yenyewe huona mambo tofauti: hewa ya ziada huongeza presha, kompyuta huongeza petroli, na dalili kubwa huwa mizunguko kuwa juu kuliko kawaida. Kabla ya kutafuta ufa, basi, jua kwanza gari lako ni la kundi lipi.

Ili kuupata, hakuna kinachoshinda moshi au hewa ya kujaza. Unaziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, unasukuma hewa taratibu hadi karibu na presha ambayo gari hutumia, kisha unasikiliza na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, hasa kwenye mipira ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuta mahali pane panavuja, na nilikuwa nimejisifu kwamba gari langu halina kasoro.

Kuhusu kusoma misimbo ya kompyuta, wengi waliozoea magari mapya hukata tamaa wanapokuta hakuna tundu la kuchomeka kifaa. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo mmoja wa kusoma hitilafu, kwa magari yote mapya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Katika Toyota nyingi unaunganisha kwa kipande cha waya pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, ufunguo ukiwa umewashwa, na taa ya injini huanza kukonyeza: mara mbili, kimya, mara mbili, ni msimbo 22, sensa ya joto la maji. Katika baadhi ya BMW zilizouzwa Marekani unakanyaga pedali ya mafuta hadi chini mara tano kwa haraka. Ni njia za kizamani, lakini zina adabu moja: hukulazimisha utoe karatasi na kalamu. Kumbuka pia kwamba msimbo unaitaja saketi, hausemi sensa imekufa. Sensa ya joto la maji ya aina ya kawaida husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na kushuka hadi takriban 300 kwa nyuzi 80. Ukiipima kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto na ikatii, tatizo liko kwenye waya au kwenye kiunganishi chake.

Zikiisha zote hizo ndipo ninaigeukia injini yenyewe. Kipimo cha kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, kina masharti ambayo watu huyaruka: injini iwe na joto, plagi zote zitolewe, petroli na umeme wa plagi vikatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, na betri iwe na nguvu. Nambari yenyewe haina maana hadi uilinganishe na ya injini ya aina hiyohiyo, kwa sababu 2JZ-GTE hubana kwa uwiano wa 8.5 kwa 1 ilhali injini ya S54 ya M3 hubana kwa 11.5 kwa 1. Mimi hutazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda; ikizidi asilimia 10 hadi 15, naanza kuuliza maswali. Injini ya rota ina mkasa wake, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu zinazopita mbele ya tundu lilelile la plagi, na geji ya kawaida itakuonyesha ule uso ulio bora na kukuficha uliokufa. Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha kujaza hewa ndani ya silinda wakati pistoni iko juu na valvu zimefunga, kwa sababu hewa inayotoroka hutaja njia yake: ikisikika kwenye mdomo wa hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye tundu la kujazia oili ni ringi za pistoni, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha valvu zilingane na pistoni, hautaki maelezo marefu. Unahesabiwa kwa miaka kama unavyohesabiwa kwa kilomita, na gari lililotembea kidogo ndilo linaloponza watu, kwa kuwa mwenye gari huangalia kilomita tu na kutulia. Katika injini za 4G63 ya Mitsubishi, RB26 ya Nissan na ile ya 944, pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika zinagongana. 4G63 ina mkanda wa pili, mdogo, wa mihimili ya kupunguza mtetemo, ambao ukikatika unaweza kuingia chini ya mkubwa na kuuangusha. Wenye Ferrari F355 hushusha injini nzima ili kuubadilisha huo mkanda, jambo linalonifanya nisilalamike sana kuhusu nafasi ya sentimita nne niliyo nayo ya kuubadilishia wa kwangu.

Breki na matairi navyo hukaguliwa kwa kalenda. Maji ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 bila kuchemka; yakishanyonya unyevu hewani kiwango hicho hushuka hadi karibu 155, na breki za gari la kasi hufika huko kwa urahisi kwenye mteremko mmoja mrefu. Kila miaka miwili ninayabadilisha, gari liwe limetembea au halijatembea. Tairi lina nambari nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ikiwa ni tatu tu, lilitengenezwa kabla ya 2000 na hupaswi hata kulisukumia gari mlangoni.

Kuna ugonjwa mmoja usio wa kasi wala wa umri, nao ni ugonjwa wa wamiliki waliotangulia. Gari langu limepitia mikono ya watu wasiopungua watano, na kila mmoja aliliachia kumbukumbu: kengele ya wizi iliyoondolewa nusu, kifaa cha kuchelewesha injini kuzimika ili turbo ipoe, kidhibiti cha presha kilichofungwa kwa mkanda wa nailoni, waya wa pinki unaoanzia kwenye swichi na kuishia hewani. Valvu ya kutolea presha nje badala ya kuirudisha kwenye bomba, ile inayotoa mlio ambao vijana huupenda, ilikuwa ikilifanya gari limisi kila nilipoachia mafuta, kwa sababu hewa ile ilikuwa imeshahesabiwa na mita. Niliirudisha ya kiwandani, na mlio ukaisha pamoja na misi. Msimamo wangu, ambao umenigombanisha na baadhi ya marafiki, ni kwamba gari lisiongezwe nguvu hata kidogo hadi liwe limerudi katika hali ya kiwandani na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja bila hitilafu. Ukiongeza nguvu juu ya kasoro, hutajua tena dalili ipi ni ya nani.

Ninaandika pia kila kitu katika daftari: tarehe, kilomita, nilichopima, nilichosoma, nilichobadilisha, na hali ya hewa ya siku hiyo. Ningekuwa na daftari hilo wakati gari linazima, ningegundua mapema kwamba halikuwahi kuzima hata mara moja siku za mvua, na pampu ya petroli iliyozama ndani ya tangi haijui kama nje kuna mvua.

Ukurasa wa mwisho kwa sasa unahusu mlio. Injini ikiwashwa asubuhi kuna sauti ya tiki-tiki upande wa ekzosi, inayofuata mizunguko, na baada ya dakika mbili au tatu inapotea kabisa. Rafiki yangu wa pampu ya petroli anasema ni lifta za valvu na anataka nibadilishe oili iwe nzito zaidi. Mimi ninashuku manifoldi ya ekzosi au gasketi yake, kwa kuwa ufa wa chuma hujifunga chenyewe kinapotanuka kwa joto, na nimeona alama ndogo ya masizi karibu na silinda ya nne. Jumamosi nitachukua mpira mwembamba wa urefu wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine nikiipitisha taratibu kando ya manifoldi injini ikiwa ya baridi. Bolti zake nimeshazilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu juzi, iwapo nitalazimika kuzifungua, kwa sababu mbili kati yake zina sura ya bolti zinazokatika.